Chumvi ya Henriette

Mushiya alikuwa analala juu ya mlango wa nyumba yake. Asubuhi ile walipofukuzwa mtaani kwao Dilala, wenzake walikimbilia masufuria na magodoro. Yeye mikono yake ilikwenda kwenye bawaba, ikang'oa, na mpaka sasa hakujua ilipata wapi nguvu zile. Alifika stesheni ya Kolwezi akidhani watu watamcheka, akakuta milango imetapakaa kila mahali, imelazwa chini kama mikeka, na juu yake wamelala watoto, wazee na wagonjwa. Baridi ya Juni ilipozidi kuuma na makaa kuadimika, watu walianza kuipasua. Ukipita asubuhi kati ya moto na moto, kilichokupokea ni harufu ya ile rangi ya kijani ya nyumba za kampuni, ikiungua chini ya uji.

Wote pale waliitwa watu wa Kasai, ingawa wengi wao Kasai hawakuwahi kuiona hata siku moja. Babu zao waliletwa na kampuni kuja kuchimba shaba na manganizi. Wakazaa hapa, wakazika hapa, wakasahau njia waliyojia. Kisha migodi ikaanza kuporomoka, mishahara ikakauka, na ikatafutwa shingo ya kubebeshwa lawama. Shingo ikapatikana. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba na mapanga. Sasa watu walikaa stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka kwao, na treni ilikuja ilipotaka yenyewe.

Mushiya alikuwa na binti yake Tshiela, mja mzito, tumbo limemshuka hata akawa anatembea kwa kujishika kiuno. Mume wa Tshiela alitangulia na treni ya kwanza kwenda kutafuta mahali pa kukaa, na tangu hapo kimya. Chini ya vikwembe viwili alivyojifunga, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kiunoni, Mushiya alikuwa na kitabu cha benki. Ndicho pekee kilichobaki cha marehemu mume wake, Tshimanga, na maisha yake yote ya kumeza vumbi la kiwandani. Fedha ile alikuwa ameipangia kazi moja tu: chumba kule Kasai, mjini Mwene-Ditu, chenye bati juu na ukuta pande zote, ili Tshiela asije akazaa mbele ya macho ya watu kama mbuzi wa njiani.

Mwanamke wa chumvi alikuja mchana mmoja, beseni kichwani. Aliitwa Henriette. Naye alikuwa mfukuzwa kama wao, amepiga kambi upande wa pili wa stesheni, karibu na tangi la maji. Alitua beseni, akainama, akasema kwa sauti ya chini:

"Moyo, mamu."

Ile ni salamu ya Kiluba cha Kasai, na kwa miezi mingi hakuna aliyethubutu kuitoa mdomoni. Sokoni waliimeza. Kwenye foleni ya maji waliimeza. Neno moja la lugha ya mama lilitosha kumfanya mtu apigwe. Sasa Mushiya alipoisikia, ikitoka kwa mtu mzima mwenye uso mpole, alisogea kwenye mlango wake, akampisha mahali pa kukaa.

"Moyo webe," akajibu.

Wakakaa. Henriette hakutoa chumvi yake mara moja, kwa sababu kwao mtu hampi mgeni kitu kabla hawajajua njia zao zinakutania wapi. Wewe ni wa nani? Nani alikulea? Kitovu chako kilizikwa wapi? Uliolewa na watu gani? Mushiya alijibu moja baada ya jingine, na kila jibu lilimtoka kama mtu anayevuliwa miiba. Yeye ni mtoto wa Muamba, akasema. Kitovu chake kiko Kisenge, kule kwenye manganizi. Mume wake alikuwa Tshimanga, na watu wa Tshimanga walitoka upande wa mto Lubilanji. Henriette akapiga makofi polepole. Mke wa mjomba wake alitoka huko huko.

"Basi sisi ni ndugu, mamu."

"Ni ndugu, ndiyo."

Ndipo akampa karatasi ndogo iliyosokotwa, na ndani yake chumvi ya kutosha siku kadhaa. Akainuka, akaenda kwenye moto wa jirani, akainama, na Mushiya akasikia ile salamu ikirudiwa kwa sauti ile ile ya chini. Mzee wa pale, aliyekuwa hajasema neno tangu alipofika, alianza kuongea.

"Mama," akasema Tshiela, "ule mama amekula jamaa yetu yote. Na chumvi ni yeye mwenyewe alileta."

"Nyamaza. Ndivyo watu wanavyosalimiana."

"Mi nilizoea bonjour. Inaisha mbio."

Mushiya alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Dilala, na usiku ule sombe, majani yao ya muhogo, lilikuwa na ladha.

Siku chache baadaye akaja karani. Alikuwa amevaa tai ya buluu na viatu vilivyopigwa kiwi, kitu ambacho pale stesheni, katika vumbi lile, kilikuwa kama kumwona mtu anatembea juu ya maji. Mkoba ulikuwa chini ya kwapa. Hakusimama mahali pa juu wala hakupaza sauti. Alikwenda moto kwa moto, akichuchumaa kama mtoto mwenye adabu, na kila mahali alianza na ile salamu.

"Nimetumwa na benki," akasema alipofika kwa Mushiya, akiongea lugha ya kwao, safi, bila kukwama. "Wakubwa wameona mateso yenu. Hesabu za wanaoondoka zinahamishiwa Mwene-Ditu. Lakini lazima kitabu na kitambulisho vifike mjini kabla ya treni, na kidole chako hapa kwenye karatasi. Nitawarudishia vyote pamoja na risiti. Wewe ni Mushiya, siyo? Mushiya wa Muamba, mzaliwa wa Kisenge, mjane wa Tshimanga."

Watu waliokaa karibu walitazamana. Mzee wa jirani akatikisa kichwa kwa heshima. Karani alikuwa amemtaja Mushiya kwa jina la baba yake na la kijiji chake, kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

"Mjini msiende," karani akaendelea, akishusha sauti zaidi. "Njiani kuna vijana, mnajua. Na hili jambo lisitoke nje ya hapa. Wenyeji wakisikia kwamba benki inawasaidia ninyi, watalifunga. Watatokea hata watu wa kuja kuwaambia ni uongo. Msiwasikilize."

Mzee akatoa kitabu chake. Mama mmoja mwenye mapacha akatoa chake, akapaka gumba wino wa zambarau, akabandika kwenye karatasi nyeupe isiyo na neno hata moja. Mkono wa Mushiya nao ulishaingia chini ya kikwembe. Vidole vikagusa plastiki. Na hapo, bila kujua kwa nini, vikasimama.

"Changu hakiko hapa," akasikia mdomo wake ukisema. "Nilikiacha kwa jirani, Dilala."

Uso wa karani haukubadilika, ila kalamu yake iliacha kucheza. "Kilete, mamu. Wametangaza treni ya Jumapili; asubuhi hiyo nitapita mara ya mwisho. Treni ikiondoka, benki haitamkumbuka mtu. Mimi ni mtoto wako, nisingependa uteseke."

Alipokwisha kwenda, Tshiela alimgeukia mama yake, macho yamemtoka.

"Juu ya nini umedanganya? Kitabu iko hapo kiunoni."

"Sijui."

"Haujui? Mama, ule mutu anatujua. Amesema jina ya tata yako. Nani tena anajua jina ya tata yako mu hii Kolwezi? Ni benki tu."

Mushiya alikaa juu ya mlango wake, akaligeuza lile jina kichwani kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya mchele. Muamba. Muamba ndiye aliyemlea, ndiye aliyemwogesha na kumnunulia nguo ya komunyo, na kwa hiyo katika kusalimiana alimtaja yeye, maana kwao anayetajwa ni yule uliyekula mkononi mwake. Lakini Muamba alikuwa mdogo wa baba yake. Aliyemzaa ni Lukusa, aliyekufa shimoni Kisenge kabla Mushiya hajazaliwa, na mwandishi wa kampuni aliandika jina la Lukusa kwenye karatasi zote: cheti, kitambulisho, kitabu. Kila alipokwenda benki, kwa vile hakujua kutia sahihi, walimuuliza dirishani jina la baba yake, na kila mara alijibu Lukusa, akijisikia kana kwamba anamtaja mtu wa mtaa mwingine.

Benki haikumjua Muamba. Muamba alijulikana kwenye salamu tu.

Alimweleza Tshiela, polepole. Binti alisikiliza, akashika tumbo.

"Mama, ni jina tu. Karani anaweza kukosea. Tukifika kule mikono mitupu juu ya jina moja, nitamulaza mutoto wapi? Juu ya ile jina?"

Ilimchoma, kwa sababu aliyosema yalikuwa kweli. Na kulikuwa na jambo jingine lililomuuma zaidi, ambalo hakulisema. Kama karani ni mwizi, basi ile salamu nayo ilikuwa mtego. Miezi yote ile Mushiya alikuwa ameishi kwa kujua jambo moja: wanaomtesa wanazungumza vile, na wanaomhurumia wanazungumza hivi. Kama hata hilo lilikuwa si kweli, hakujua atashika nini.

Jumamosi asubuhi Agnès alikuja kwenye uzio, kama alivyofanya kila alipoweza, na unga wa mahindi kwenye kitambaa. Agnès alikuwa mwenyeji, mke wa Ngoy, jirani yake Dilala ukuta kwa ukuta. Watoto wao walikua wakila sahani moja. Lakini asubuhi ya mapanga Agnès alibaki ndani. Mushiya, akiwa na mlango kichwani, aliona pazia la dirisha la jirani yake likifungwa, taratibu, kwa mkono alioujua. Tangu siku ile alipokea unga, akashukuru, na hakumtazama usoni.

Leo alimtazama.

"Agnès, nataka kufika benki."

"Benki? Una kichaa? Kuna barière mbili njiani."

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

Agnès alichezea waya wa uzio kwa ukucha. Ngoy alishamkataza hata kuja pale. Mushiya alimsubiri, na katika kule kusubiri alijiona jinsi alivyo: mtu aliye tayari kumpa shingo yake mwanamke aliyefunga pazia, kwa sababu amemshuku aliyemwita mama kwa lugha yake mwenyewe.

"Ukiongea tu, batakujua," Agnès akasema mwishowe. "Kiswahili yako iko na Kasai ndani. Lete uso."

Akafungua kitambaa cha unga, akakikung'uta, akamfunga Mushiya taya mpaka utosini, kama mtu aliyevimba jino. Mushiya alinusa unga na jasho la mikono ya jirani yake. Tshiela aliwatazama kutoka mbali, asijue kama acheke au alie.

Kwenye barière ya kwanza, kamba iliyofungwa kukata njia, walipita. Kwenye ya pili, kijana mwenye panga alinyosha mkono.

"Mama Agnès, huyu nani?"

"Shemeji yangu wa Kamina. Jino limemushika, tunaenda kwa munganga."

"Afungue kinywa nione."

"Fungua wewe pua kwanza," Agnès akasema. "Mi nimelala naye nyumba moja, najua ile harufu. Mi nimekuonya."

Wenzake wakacheka. Kijana alimtazama Mushiya machoni, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama mgonjwa wa jino, kisha akashusha kamba. Hatua kadhaa mbele, Mushiya alisikia jirani yake anapumua kama mtu aliyetoka chini ya maji. Alitafuta mkono wake, akaushika. Ulikuwa wa baridi kama chuma.

Benki ilikuwa na foleni ndefu ya watu wasio na matumaini. Wenyeji nao walikuwa wamekuja kuomba fedha zao wenyewe, na kila aliyefika dirishani aliondoka akisonya. Nyuma ya kioo aliketi mama wa makamo, miwani puani, amechoka. Mushiya alifungua kitambaa tayani, akapitisha kitabu na kitambulisho.

"Jina ya tata yako?"

"Lukusa."

Mama yule alitazama kitabu, akatazama picha, akamtazama yeye. Alielewa ametoka wapi. Jambo hilo lilionekana usoni mwake, likapita.

"Unatafuta nini?"

Mushiya alieleza: karani, tai, mkoba, Mwene-Ditu. Alipofika kwenye vidole vya wino kwenye karatasi tupu, mama wa dirishani alivua miwani.

"Sisi hatutumake mutu ku gare, kule kwenye treni," akasema. "Hatutumake mutu ku nyumba ya mutu. Kitabu yako unaileta wewe, na mukono yako. Ukifika kule Kasai, unaingia wewe mwenyewe ndani ya benki, unaongea na mutu wa dirishani. Na ule akirudi, umuulize tu: juu ya nini unaogopa mi niende mwenyewe?"

"Na wale waliokwisha kumpa?"

Mama alirudisha miwani, akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Jana mutu alileta bitabu. Bidole bilikuwa ku karatasi, maneno yameandikwa juu vizuri. Tulimuuliza jina ya tata ya kila mutu, moja moja. Alijibu yote. Alilipwa feza ya bitabu bingine. Leo sanduku ni tupu, hata wewe siwezi kukupa kitu. Bitabu bingine alirudi nabyo."

Mushiya alikirudisha kitabu kiunoni. Hakikuwa na uzito zaidi kuliko jana, na hakuna aliyeweza kumwambia kitanunua nini siku atakapofika kule, maana bei zilikuwa zinapanda huku watu wakiziangalia. Lakini kilikuwa chake.

Kwenye uzio wa stesheni, Agnès alisimama, akitafuta neno.

"Ile siku," akaanza.

"Nilikuona," Mushiya akasema. "Nenda nyumbani, Ngoy asikutafute."

Agnès alifuta uso kwa kiganja, akaenda. Hakuna kilichosamehewa kwa maneno. Mushiya alibaki na kitambaa mkononi, akakikunja vizuri, akaelekea kwenye tangi la maji.

Njia nzima alikuwa akinoa matusi. Henriette alikuwa anasuuza beseni lake, akamwona, akatabasamu, akaanza kuinama kwa salamu. Mushiya hakungoja.

"Jina la Muamba ulimpa nani?"

"Muamba yupi?"

"Baba yangu. Nilikutajia wewe. Wewe peke yako."

"Karani wa benki," Henriette akasema, bila kusita. "Alitaka kujua nani yuko hapa na ni wa nani, ili asimsahau mtu. Chumvi ilitoka kwake. Alisema watu wamechoka kuulizwaulizwa na wageni, afadhali waulizwe na mwenzao." Kisha akauona uso wa Mushiya, na tabasamu likaanza kumtoka kidogo kidogo. "Mimi nilimpa kitabu changu wa kwanza. Mbele za watu, ili wasiogope."

Mushiya aliyaacha matusi yote aliyoyanoa, akachuchumaa karibu naye. Alimweleza ya benki. Alieleza mpaka mwisho, na la mama wa dirishani aliyesema kwamba karani alijibu majina yote. Henriette alikaa juu ya beseni lake lililopinduliwa. Hakulia. Alitazama viganja vyake, pande zote mbili, kama vitu vya mtu mwingine.

"Nilikaa kwenye kila moto," akasema. "Kila moto, mamu."

"Inuka. Twende tena."

Wakazunguka pamoja kabla jua halijatua. Haikuwa kazi rahisi. Wengine walisikia wakafunga vitabu vyao upya kiunoni. Wengine waliwafukuza.

"Tulikuona unatoka na yule mwanamke wa hapa," mzee wa jirani alimwambia Mushiya. "Alikulipa nini? Karani alisema watatokea watu kama ninyi."

"Baba, kitabu changu ninacho. Sijapata kitu."

"Basi ni wivu."

Mama wa mapacha alimtazama Henriette tu, na Henriette hakuinamisha macho. Kila mahali alirudia maneno yale yale kwa kinywa chake: mimi ndiye niliyempelekea majina yenu. Kila aliporudia, Mushiya alimwona anapungua, kama sabuni chini ya bomba, lakini hakuruka moto hata mmoja.

Jumapili treni iliingia na ukungu. Watu walikuwa wanapakia, wanaitana, wanapandisha wagonjwa kwa madirisha, karani alipotokea kwenye lango, tai ile ile, mkoba ule ule. Alianza kuita majina, jina na baba, jina na kijiji, kwa sauti ya upole. Hakuna aliyeitika. Wale waliokuwa na vitabu walisimama, wakamtazama. Ukimya ule ulienea kutoka behewa moja hadi jingine mpaka hata watoto wakanyamaza.

"Mushiya wa Muamba," akasema.

Mushiya alikuwa mlangoni mwa behewa, Tshiela nyuma yake. "Juu ya nini unaogopa mi niende mwenyewe?" akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

Karani alimtazama. Kisha mzee wa jirani akasogea mbele, akaomba kitabu chake. Mama wa mapacha naye. Wakawa wengi, wakimzunguka bila kumgusa. Karani hakurudi nyuma. Aligeuza kichwa kuelekea langoni, walikokuwa wamesimama vijana wenye mapanga wakilinda waondokao waondoke, akasema kwa Kiswahili cha pale pale, kikavu, kisicho na Kasai hata kidogo:

"Niite bale? Niseme munaficha feza?"

Duara likafunguka. Halikufunguliwa na mtu; lilifunguka lenyewe. Akarekebisha tai, akapita katikati yao, akatoka langoni, akashika barabara ya mjini kwa mwendo wa mtu aliyemaliza kazi yake. Wanaume walitazama chini. Treni ikapiga honi.

Ndipo Mushiya alipomwona Henriette. Alikuwa ameshapanda, mzigo wake ulikuwa ndani. Aliuacha mzigo, akashuka, akapita lango mikono mitupu, mbele ya wale vijana ambao labda hawakuamini kwamba kuna mtu anatoka kuelekea upande ule, na akaanza kumfuata karani. Hakukimbia. Hakuita. Alitembea nyuma yake umbali wa kusikia nyayo, kama mdai nyuma ya mdaiwa wake. Karani aligeuka, akamwona, akaongeza mwendo. Naye akaongeza. Karani akasimama, akamwambia kitu akimnyoshea kidole. Henriette akasimama, akasikiliza mpaka mwisho. Karani alipoendelea, naye akaendelea.

"Henriette," Mushiya akaita, lakini magurudumu yalikuwa yameanza, na sauti ikabaki kwenye chuma.

Mji ukaanza kurudi nyuma: mabomba ya kiwanda yasiyotoa moshi, vilima vya mchanga vya mgodi wa Mashamba, paa za Dilala. Barabara ilikwenda sambamba na reli kwa kitambo, na kwa kitambo hicho waliweza kuwaona, watu wawili wadogo katika ukungu, mmoja mbele na mmoja nyuma, nafasi kati yao haipungui wala haizidi. Kisha reli ikakata kona.

"Atapanda treni nyingine?" Tshiela akauliza.

Ndani ya behewa watu walikuwa wamebanana hata mtu hakuweza kunyoosha mguu. Mushiya alivuta mzigo wa Henriette kando yake, akauegemeza vizuri kwenye ukuta, akasogea, akaacha kando ya mzigo ule pengo la kukaa mtu mmoja. Waliomzunguka walimtazama kwa hasira, kisha wakaacha.

Kwenye stesheni ya Tenke treni ilisimama. Watu wengine walikuwa wanangoja pale, wengi kama wale wa Kolwezi, na waliingia kwa kusukumana. Mwanamke mmoja, amechoka, mtoto mgongoni, aliliona lile pengo, akapenya mpaka hapo.

"Mama, hapa kuna mutu?"

Mushiya alimtazama yeye, akamtazama mtoto. Akainuka, akaegemea ukuta wa behewa, akampisha mahali pake mwenyewe.

"Kaa hapa kwangu," akasema. Akaweka mkono juu ya pengo. "Hapa kuna mutu."